Alama Mia za Nesi Atupokile

Matokeo ya mchezo yalibandikwa kila Ijumaa kwenye mlango wa ofisi ya matroni, na kila Ijumaa jina la Atupokile lilikuwa la kwanza. Wenzake walimwita Bingwa. Wengine walilisema jina hilo kwa mapenzi, wengine kwa kijicho, na yeye aliitika kote kote.

Alikuwa nesi katika hospitali ndogo ya kanisa, nje kidogo ya Tukuyu, hospitali yenye chumba kimoja cha wagonjwa mahututi na vitanda vinne. Mwaka huo wa 2011 wafadhili walileta kompyuta tano za mtumba, na ndani yake wakaweka mchezo wa kuwafundisha manesi. Ulichagua kisa, mgonjwa akatokea amelala kitandani, na saa ikaanza kukimbia pembeni. Ukimpa dawa isiyofaa hali inabadilika. Ukizubaa, anakufa, halafu kinatokea kitufe cha kuanza upya. Matroni mwenyewe aliua wagonjwa tisa siku ya kwanza, akafunga kompyuta na kusema yeye alisomea uuguzi, hakusomea sinema.

Atupokile aliupenda mchezo ule, na wala hakuona haya kusema. Katika kazi yake ya kweli aliletewa watu waliokwisha kuharibika kwa waganga na kwenye maduka ya dawa, akaambiwa awaponye kwa mikono mitupu. Kwenye kompyuta kila kitu kilikuwepo, na ukifanya sawasawa unaambiwa umefanya sawasawa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo katika miaka kumi na moja ya kazi.

Lazaro, mwalimu wa mradi aliyekuja kutoka Mbeya kila Jumatatu, alikuwa ametangaza kwamba nesi atakayepata alama mia katika visa vyote kumi kabla ya mwisho wa Septemba atapelekwa Dar es Salaam miezi sita kusomea uangalizi wa wagonjwa mahututi, na akirudi atakuwa mkuu wa chumba. Atupokile alikuwa amepata mia katika visa tisa kati ya kumi. Cha kumi kilikuwa cha mzee mwenye malaria kali aliyetundikiwa dripu ya kwinini, na hapo alikwama kwenye tisini na nne. Alizijua alama sita alizokosa. Kwinini hushusha sukari mwilini kimya kimya, mgonjwa anaonekana amelala kumbe anazama, na kisa kile kilitaka umtikise bega na kumwita jina kila saa bila kukosa. Yeye alichelewa kumwamsha.

Nyumbani walimngojea kwa hamu kama yeye alivyoingoja Dar es Salaam. Mumewe Lwitiko alikuwa amepunguzwa kiwandani mwezi wa pili, pale mashine mpya za chai zilipofungwa, na tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa mlangoni na kuuliza mkewe amerudi na habari gani. Swali lile lilimchosha Atupokile kuliko wodi. Septemba ilikuwa imebakiza siku tano.

Jumamosi wakamleta baba mkwe wake.

*

Mzee Andongwisye alikuja kutoka Kyimo nyuma ya pikapu ya chai, amefunikwa blanketi, anatetemeka na kuongea maneno yasiyo na mpangilio. Malaria ilikuwa imempanda. Daktari aliagiza kwinini na kitanda cha tatu, kile cha dirishani.

Hapo pakawa na jambo ambalo kompyuta haikulijua. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina, na akimwona njiani anapinda migombani. Siku hizi wengi wameyaacha, hasa watu wa mjini, lakini nyumba ile ya Kyimo ilikuwa moja ya chache zilizoshikilia. Miaka kumi na miwili ya ndoa Atupokile alimjua mzee kwa kikohozi chake. Mzee akifika uani alikohoa mara mbili, mkwe akaingia jikoni, na maisha yakaendelea. Hapakuwa na uadui wowote. Mzee ndiye aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa ili mkwe arudi chuoni akasomee stashahada, na ndaga yake, yaani shukrani, Atupokile aliipeleka kwa kupitia mama mkwe.

Imakulata, mama mkwe mwenyewe, hakungoja aulizwe. Alimfuata nesi Veronika mlangoni akamwomba mbele ya watu kwamba mzee ahudumiwe na yeye, na mkwe wake akae mbali, maana mzee ni mgonjwa lakini bado ni baba wa watu. Veronika, ambaye alikuwa Msafwa na mtu wa mzaha, alisema hana neno, kitanda cha tatu ni chake. Wakavuta pazia la magurudumu kukizunguka. Atupokile aliona aibu kidogo mbele ya daktari, kisha akaona nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyokuja kumsumbua baadaye.

*

Jumapili zamu ya mchana ilikuwa yake na Veronika. Vitanda viwili vilikuwa tupu, kwenye kitanda cha kwanza kulikuwa na mama aliyefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri. Kazi ilikuwa mzee tu. Alikuwa ameamka vizuri tangu asubuhi, amekunywa uji, ameuliza habari za ng'ombe. Dripu nyingine ya kwinini ilianza saa sita.

Saa saba Veronika aliingia nyuma ya pazia kumpima, na Atupokile akamsikia mzee akimwuliza ni nani huyo anayetembea huko nje kwa viatu vya mlio. Veronika akamwambia ni mkweo.

"Mwambie aingie tu," mzee alisema. "Hapa ni hospitali, si nyumbani. Mimi nilimsomesha aje anifiche uso? Mwambie nkamwana, mkwe wangu, aingie, nimemfungulia mwiko."

Aliyasema kwa sauti, makusudi yavuke pazia. Veronika akatoka akicheka, akamwambia Atupokile kwamba haya, mama wa watu, umefunguliwa. Atupokile naye akacheka. Alisema ataingia, amalize kwanza kupanga dawa.

Saa saba na dakika arobaini mtu alikuja mbio kutoka wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama anatoka damu na mkunga yuko peke yake. Veronika alivua glavu, akavaa nyingine, na akiwa mlangoni akauliza kama Atupokile atamwangalia mzee. Atupokile akajibu kwamba atamwangalia.

Dakika kumi baadaye umeme ukarudi.

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, na jenereta ya hospitali iliwashwa kwa upasuaji tu. Betri za kompyuta za mtumba zilikuwa zimekufa zamani. Kwa hiyo umeme ukirudi mchana wa Jumapili, na kesho yake Lazaro anakuja kuchukua matokeo ya mwisho, ilikuwa saa mbili au tatu za kutumia au kukosa. Kompyuta ilikuwa pale pale chumbani, juu ya meza ya manesi. Atupokile aliitazama, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nane, saa ya kumwamsha mzee.

Alikwenda hadi kwenye pazia, hilo tusimnyime. Alichungulia kwa juu. Blanketi lilipanda na kushuka taratibu, uso wa mzee umegeukia dirishani. Alijiambia amelala, na mtu aliyekesha akitetemeka ana haki ya kulala. Alijiambia pia kwamba kumgusa, hata kama amefungua, si jambo la kukurupukia bila mama mkwe kujua, na Imakulata yuko nje kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa anapika. Mambo yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Kisha akaandika kwenye chati, saa nane, amelala vizuri, akaketi kwenye meza na kufungua kisa cha kumi.

Mara ya kwanza alipata tisini na saba. Alikasirika, akaanza upya. Saa tisa ilipofika aliinua macho, akaliona blanketi likipanda na kushuka kwenye mwanya wa pazia, akanyoosha mkono akaandika, amelala. Hakusimama. Kwenye kioo mzee mwenye mvi alikuwa anatokwa jasho, na Atupokile akambonyeza bega, akamwita jina, akampima sukari, akamwingizia glukosi, akampima tena. Hakuchelewa hata mara moja. Saa kumi kasoro robo kompyuta ilimwonyesha mia, na chini yake maneno ya kumpongeza. Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili ili asipige kelele kwa furaha wodini.

Veronika alirudi saa kumi kasoro dakika tano, gauni limelowa damu ya watu, mama na mtoto wazima. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Atu," alisema. Hakuita Bingwa. "Njoo hapa."

Shuka lilikuwa limelowa jasho, mwili wa baridi. Veronika alimtikisa, akamwita mzee kwa jina lake, akamfinya kwenye ukucha, na mzee hakujibu. Atupokile alikwisha kuwa upande wa pili wa kitanda na kipimo cha sukari mkononi. Kilisoma moja nukta moja, chini kabisa. Alivuta glukosi, akaisukuma kwenye mshipa, akapima, akasukuma tena, bila kukosa hatua. Daktari alipofika alimkuta amemaliza, sukari imepanda. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, na kwamba mradi ule ulikuwa umeleta faida.

Mzee Andongwisye alifungua macho saa kumi na mbili. Yalitazama dari, yakamtazama mkewe, yakarudi darini, na hayakuonyesha kujua tofauti.

*

Daktari aliwaeleza kwamba malaria ilikuwa imeingia kichwani. Lilikuwa jibu la kweli nusu, na watu wa nyumba ile walilipokea lote. Siku ya tisa walimrudisha Kyimo, kwa sababu kitanda kilihitajika na hapakuwa na kingine cha kumfanyia. Hakusema neno. Alimeza akilishwa, alilia mara nyingine bila sababu, alijichafua.

Kabla ya hapo Veronika alimkuta Atupokile kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alijifunga kitambaa kichwani taratibu kuliko kawaida.

"Pale saa tisa," akauliza, "ulimwamsha?"

"Alikuwa amelala."

Veronika aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Kisha akasema hata yeye alikawia kule wodi ya wazazi, angeweza kurudi mapema nusu saa lakini alikunywa chai kwanza, na chai ile haitoki kooni. Atupokile alijua kwamba amefunguliwa mlango na rafiki yake. Alifunga vifungo vya sketi, akasema watachelewa zamu.

Kyimo walimfanya shujaa. Habari zilikuwa zimetangulia, kwamba mkwe ndiye aliyemrudisha mzee kutoka kwa wafu, na zilipofika kwa Lwitiko ziliota mabawa. Yeye ambaye miezi saba hakuwa na la kusema kilabuni sasa alikuwa na la kusema. Akina mama wa kanisani walikuja na mikungu ya ndizi na vitenge, wakamshika Atupokile mikono na kumwambia ndaga fijo, na yeye akainamisha kichwa. Walichukulia ni unyenyekevu. Usiku hakulala, mchana hakula, na alipokonda wakasema anamhurumia baba mkwe.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa kumwogesha. Desturi ilikuwa imekwisha yenyewe, maana mzee hakuwa tena mtu wa kuonewa haya, na Atupokile kila siku yake ya mapumziko alipanda kwenda Kyimo kumlisha na kumgeuza. Ndipo kwa mara ya kwanza akauona uso wake. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na masikio yale yale ya Lwitiko. Aliyatazama macho yake kwa muda mrefu, akitafuta ndani yake lawama, na hakukuwa na lawama wala kitu kingine. Alitamani lawama ingekuwepo.

Jumapili moja nyumba imejaa wageni, Imakulata alisimama katikati ya sebule. Alikuwa mwanamke mfupi, si msemaji. Aliwaambia kwamba kosa ni lake. Yeye ndiye aliyemzuia mkwe wake asimkaribie mzee. Kama asingeshikilia mambo ya zamani, binti huyu angekuwa kitandani pale tangu mwanzo, na mzee leo angekuwa anawasalimu. Akasema kuanzia siku hiyo wakwe wote wa nyumba ile wako huru, wale pamoja na wengine, waongee, wapite mlango wa mbele.

Mzee mmoja wa kanisa akasema amefanya jambo kubwa. Lwitiko alimtazama mkewe, akingoja aseme neno la kumfariji mama, na neno lilikuwepo, lilikuwa limemjaa mdomoni. Atupokile aliinuka akaenda kuleta chai. Tangu siku hiyo alijiona mwizi, maana wengine huiba mali, yeye alikuwa ameruhusu mwanamke mzee abebe kosa lake mbele ya watu, huku yeye akipokea shukrani.

*

Barua ya Lazaro ilikuja wiki ya pili ya Oktoba. Alama mia katika visa vyote kumi, nesi wa kwanza mkoani. Kozi ilianza Jumatatu. Lwitiko alinunua tiketi ya basi siku hiyo hiyo kwa hela ya kukopa, akamnunulia na begi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alikuwa anapiga mluzi. Atupokile alimwambia labda asiende, mzee anamhitaji. Lwitiko alimjibu kwa upole kwamba mzee mwenyewe angekuwa na akili zake angemfukuza aende.

Ijumaa alipanda Kyimo kuaga. Kulikuwa na jua baada ya ukungu wa asubuhi, na mzee alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mti mbele ya nyumba, blanketi magotini. Imakulata alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi za kupika. Alimwonyesha mkwe wake mahali pa kukaa, akaendelea kumenya kidogo, kisha akaweka kisu chini.

"Mwanangu unasafiri," alisema. "Sitaki usafiri na kinyongo na mimi. Watu wamenisamehe, mchungaji amenisamehe. Wewe hujasema."

"Mama, usiniombe msamaha."

"Nakuomba. Ni mimi niliyekufungia."

Akataka kupiga magoti. Mwanamke wa miaka sabini alianza kushuka kutoka kwenye kigoda chake, mkono mmoja umeshika ardhi, na Atupokile akaona kwamba akimwacha afike chini, yeye Atupokile hatainuka tena maisha yake yote. Alimdaka mabega.

"Tata alinifungulia," alisema, akimwangalia mzee kwenye kiti. "Siku ile ile, saa saba. Alisema niingie tu. Veronika alisikia na mimi nilisikia."

Imakulata alirudi kwenye kigoda polepole. Alimtazama kwa muda, kama anayehesabu saa za siku ile.

"Sasa ulikuwa wapi?"

"Pale pale, mama. Kwenye meza, hatua kumi."

Akamwambia yote. Aliutaja mchezo, akaueleza kwa maneno mepesi, kwamba kuna mgonjwa wa picha, mzee, ana malaria, yuko kwenye dripu kama ya tata, na ukimwamsha kila saa unapata alama. Alieleza kwamba alizitaka zile alama. Alisema aliandika amelala mara mbili, na mara ya pili hakuinuka hata kwenye kiti. Hakulia. Aliogopa akilia atabembelezwa.

Kuku walipita katikati yao. Kwenye kiti cha mti mate yalikuwa yameanza kumtoka mzee na nzi amemtua mdomoni, na Atupokile akaanza kuinuka kwenda kumfuta. Mama mkwe alinyoosha mkono kumzuia. Aliinuka mwenyewe, akamfukuza nzi, akamfuta mumewe mdomo kwa pindo la khanga, akamrekebisha blanketi, akasimama hapo kidogo mkono wake ukiwa begani kwa mzee. Kisha akarudi akaketi.

"Na huyo wa kwenye kompyuta," aliuliza, "alipona?"

"Alipona, mama."

Imakulata aliokota kisu, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.